Programu za Bure na Mkono wa Baba

Ofisini kwetu Kibaha naitwa mtaalamu. Cheo hicho sikukisomea wala sikukiomba. Printa iligoma asubuhi moja, watu wakaigonga, wakaibembeleza, wakaitukana, na mimi nilipoinama kuokota kalamu nikaona waya wa umeme umechomoka ukutani. Niliuchomeka kimyakimya. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikabofya huku na huku kwa muda wa kutosha, uso nimeukunja ili kazi ionekane nzito, ndipo nikawaambia wajaribu tena. Ikachapa. Tangu hapo simu ya mtu ikiganda inaletwa kwangu, na mimi, ambaye kazi yangu ni kutunza majalada, naipokea kwa kukohoa kidogo kama daktari bingwa.

Sifa hizo zilivuka mpaka Kisarawe kwa wazazi wangu. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe "anafanya kompyuta," na alivyolisema ungedhani nazifinyanga mwenyewe. Sikumsahihisha. Nani anakataa sifa za mama yake?

Ndiyo maana baba alipopata kiharusi na suala la video likaingia nyumbani, hakuna aliyejiuliza nani alishughulikie.

Nianze na mkono wenyewe. Baba alitoka hospitali anatembea, mguu anauburuta kidogo. Ulimi ulirudi sawasawa, na siku ile ile akaanza kugombana na watu, tukajua amepona upande huo. Lakini mkono wa kulia ulilala. Aliuweka pajani kama kitu cha mgeni alichoombwa akitunze, na mtu akimpa mkono wa salamu alimwinamishia kichwa tu.

Kilichomuuma zaidi ni harusi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Kongowe, hii ya kwetu Kibaha, na ndoa ilipangwa ifungwe baada ya msimu wa korosho. Kwetu anayeozesha ni baba, na katika kuozesha yeye na bwana harusi hushikana mikono ya kulia, ndipo maneno yakasemwa. Kina baba wengi siku hizi humwacha shehe awawakilishe, wao wakakaa pembeni wakatikisa kichwa. Baba yangu sivyo. Dada zangu wakubwa aliwaozesha mwenyewe, mkono kwa mkono, na hakuona kwa nini huyu wa mwisho apate pungufu. Shehe alikuja kumjulia hali akamweleza kwa upole kwamba mkono si sharti, ndoa inaswihi hata bila kushikana.

"Najua inaswihi," baba akasema. "Nataka kumshika."

Shehe akaaga.

Pale hospitali Kibaha alihudumiwa na mwanamama mmoja wa mazoezi ya viungo, mwenye sauti ya upole isiyokubali ubishi. Baba akampa jina la Mama Mazoezi, na akamwamini kuliko sisi wote tukijumlishwa. Mama Mazoezi alikuwa na utaratibu mzuri. Wagonjwa wa mbali hawawezi kuja kila siku, kwa hiyo alijirekodi mwenyewe akifanya mazoezi na kuyaeleza, zoezi moja video moja, akaziweka mtandaoni bure. Alituambia tuzipakue, tuzigawe kwa yeyote mwenye mgonjwa, na tusipoteze muda, maana mkono ukizoea kulala unakuwa mgumu kuamka.

Ungesema mimi na mama tungeangalia zile video, tukajifunza, tukamfundisha baba. Tulijaribu.

"Baba, unyanyue hivi, taratibu."

"Wewe umesomea wapi?"

"Sijasomea, baba, nimeona kwa Mama Mazoezi."

"Basi mwache aseme mwenyewe."

Na kusema mwenyewe kulikuwa na kikwazo. Kijijini kwa wazazi mtandao unapatikana nyuma ya choo, tena ukisimama upande wa mashariki. Hata hapo video inazungushazungusha duara lake mpaka bando linakata. Nilimpa baba simu yangu ya zamani ya kupangusa, akaitumia kwa kidole gumba cha kushoto, akampigia fundi seremala bila kukusudia, akazima taa ya kioo, akanirudishia. Simu yake yeye ni ile ndogo ya vitufe, yenye kadi ya kumbukumbu ndani, ambayo huonyesha video ndogo za mtindo wa kizamani. Hiyo aliiweza.

"Hilo ni jambo dogo," nikasema mbele ya familia nzima. "Nazipakua Kibaha, nazigeuza ziendane na simu ya baba, natia kwenye kadi. Zipo programu za bure, tele."

Mama akawaangalia waliokuwepo kwa jicho la mnaona. Na mimi nikajiona.

Kwamba programu za bure zipo tele, hapo sikukosea. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu walipotoka, niliitafuta moja kwenye kompyuta ya ofisi. Ukurasa ulikuwa na vitufe vya kijani vitatu, vyote vimeandikwa kwamba ubofye hapa kupakua, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Nikabofya kikubwa kuliko vyote. Ikaniuliza kama ninakubali, nikakubali. Ikauliza tena jambo jingine refu, nikakubali. Nilikubali mambo mengi mchana ule kuliko niliyokubali siku naoa.

Programu ya video haikuja. Ilikuja programu ya kusafisha kompyuta, ikatangaza kwa herufi nyekundu kwamba kompyuta yangu ni mgonjwa mahututi. Ikaja kalenda ambayo sikuiomba. Kisha sauti ya mwanamke ikanipongeza kwa Kiingereza, kwa nguvu, na kioo chote kikajaa karata na sarafu za dhahabu zinazodondoka. Mkuu wetu wa idara, mama mtaratibu asiyepaza sauti hata akikasirika, alikuwa amesimama mlangoni amekuja kuulizia jalada.

"Mtaalamu," akasema, "umeshinda nini?"

"Nafanya usafi wa mfumo, mama."

Akatazama sarafu zikidondoka. "Ukimaliza usafi, naomba jalada langu."

Karata zile zilirudi kila nilipowasha kompyuta, na kwa siku kadhaa nilifanya kazi mgongo nimeuelekeza ukutani. Uchunguzi wa video nikauhamishia nyumbani Tangini, kwenye laptopu yangu kuukuu ambayo ikipata joto inaunguruma. Mke wangu alipita na beseni la nguo akanikuta nimeinamia kioo.

"Kwa nini usimuulize mtu anayejua?"

"Anayejua ni nani?"

"Ndiyo nakuuliza," akasema, akatoka kwenda kuanika.

Lakini nilifaulu. Nilipata programu iliyokubali. Unanakili anwani ya video, unaibandika, mstari wa bluu unajaa taratibu, faili hilo hapo. Kisha ikanipa orodha ya aina za kugeuzia, ndefu, vifupisho vitupu. Mtu mwingine angesoma kwanza kila kimoja kina maana gani. Mimi nikatazama ukubwa wa faili tu, nikachagua aina iliyokuwa ndogo kuliko zote. Kadi ya simu ya baba haikuwa kubwa, na nilitaka video zote za Mama Mazoezi zienee. Zikaenea, tena nafasi ikabaki nyingi. Nilishangaa kidogo jinsi zilivyobanika, nikajipongeza, nikaandika kwenye kundi la familia kwamba kazi imekwisha, na kadi nikampa jirani aliyekuwa anakwenda Kisarawe.

Mama alipiga simu baada ya kadi kufika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kadi imefika. Huyu Mama Mazoezi anasikika vizuri kweli. Ila haonekani."

"Haonekani vipi?"

"Haonekani. Yupo kama redio. Anasema, 'Sasa fanya kama mimi.' Baba yako anauliza, yeye anafanyaje?"

Nyuma yake nilimsikia baba. "Mwambie anasema nikunje hivi, halafu niende hivi. Hivi ndiyo wapi?"

Nilikuwa nimeigeuza kila video kuwa sauti tupu. Ndiyo maana zilienea. Badala ya kukiri nikaona nisaidie papo hapo, nikasimama kando ya barabara pale Tangini, simu sikioni, nikaanza kumweleza baba zoezi la bega huku mkono wangu mwenyewe ukinyanyuka na kushuka ili maneno yasinipotee. "Unanyanyua mbele, hivi, halafu unapeleka pembeni, hivi..." Bodaboda mmoja akageuza pikipiki, akaja mbio akasimama mbele yangu. Nikamwambia sikumwita. Akaniambia nimempungia kuanzia kule mbali. Baba kwenye simu anauliza, "Sasa huyo nani tena?"

"Acha tu," baba akasema mwisho. "Nitamsikiliza hivyo hivyo."

Na alimsikiliza. Mama alinieleza baadaye kwamba kila asubuhi baada ya uji baba alivaa shati safi, akakaa barazani, akaweka simu juu ya kigoda. Mama Mazoezi alianza kila video kwa kutoa salamu, na baba aliijibu yote, mpaka rehema na baraka, kwa sababu mtu akikusalimia humnyamazii. Kisha akafanya mazoezi ya kubuni. Alipoambiwa hivi alifanya hivi ya kwake.

Nikarudi kwenye laptopu. Safari hii nilichagua aina yenye picha, nikahakikisha kwa macho yangu kwamba picha ipo. Kile kiprogramu cha kwanza kilikuwa kimeanza kunizungusha, nikapata kingine, kizuri cha kupendeza, chenye rangi za upinde wa mvua na mfano wa simu ndogo za vitufe kabisa, unachagua simu unayotaka na chenyewe kinajua la kufanya. Bure, kimeandika juu kwa herufi kubwa. Chini kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu, na mimi maandishi ya kijivu huwa naona hayanihusu. Nikafungua video moja ya mwanzo, nikamwona Mama Mazoezi anasalimia, amekaa kwenye kiti chake, anaonekana kabisa. Nikaifunga. Kadi nyingine ikaenda Kisarawe.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mwenyewe, kwa kweli kwenda kupongezwa. Nilimkuta baba barazani, shati safi, simu juu ya kigoda mbele yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa kulia, na mikono yote miwili ameinyanyua mbele ya macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakushusha.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikamuuliza habari za hapa, akasema nzuri. Mikono ipo juu. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele na mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unatetemeka.

"Baba, pumzika basi."

"Bado hajasema."

"Nani?"

"Mama Mazoezi. Amesema ninyanyue mpaka usawa wa macho, nikae hapo hapo mpaka aniambie. Namsubiri."

Nikaichukua simu. Video ilikuwa imekwisha zamani, kioo kimerudi kwenye orodha ya mafaili. Nikaicheza upya. Mama Mazoezi akasalimia, akaeleza, akanyanyua mikono, akasema, "Ukae hapo hapo," na picha ikakatika. Nikafungua nyingine, ikakatika vilevile. Zote zilikuwa zimekatwa zikiwa bado mwanzoni. Isitoshe, katikati ya kila picha yalipita maandishi mapana ya Kiingereza yanayoniomba ninunue programu kamili, nayo yalikuwa yamelala juu ya mikono ya yule mama, pale pale mtu anapotakiwa kutazama. Maandishi ya kijivu niliyoyaruka ndiyo yalikuwa yakisema hayo.

"Mimi nilidhani hilo ni jina la hospitali," mama akasema kutoka jikoni.

"Imekatika, baba. Shusha. Ni makosa yangu."

Akashusha polepole. Alichoka. Akauweka mkono wa kulia pajani, akauweka vizuri kwa kutumia ule wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

"Zote ndivyo zilivyo?"

"Zote."

"Nikajua ndivyo anavyotaka," akasema. "Kwamba tiba yenyewe ni kusubiri. Jana nimesubiri mpaka adhana."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Nilikaa pale barazani nikaona aibu, halafu aibu ikaisha nikaogopa. Mpaka dakika ile mambo ya kadi na programu yalikuwa mchezo wangu, mahali pa kujionyesha. Yeye alikuwa ameyachukua kama dawa, na kile nilichomtilia kwenye chupa hakuna aliyekikagua. Msimu wa korosho ulikuwa umeshaanza. Watu walipita njiani na magunia, wakamsalimia, na yeye akawainamishia kichwa.

Niliondoka Kisarawe mapema kuliko nilivyopanga.

Jumapili nilikaa na laptopu tangu asubuhi, na safari hii nilisoma. Nilisoma kila kitu, hata maandishi ya kijivu, nikiwa na kamusi pembeni. Mke wangu aliponiona na kamusi aliniletea chai. Nikagundua kwamba programu ya bure ya kweli nilikuwa nimeshaipakua siku ile nilipohamia kwenye laptopu, nikaifuta. Niliifuta kwa sababu nilipoifungua haikuwa na rangi wala kitufe, ilileta dirisha jeusi lenye maandishi meupe na kijistari kinachopepesa, nikadhani nimeiua laptopu. Kumbe ndivyo ilivyo. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, haikuuzii kitu, haikukatii kitu, lakini haikubembelezi pia. Unaiandikia amri, na ukikosea nukta moja inakuambia hujui unachokifanya. Tulifahamiana haraka kwa upande huo.

Iliniambia hivyo asubuhi nzima. Adhuhuri ikakubali. Mistari meupe ikaanza kuteremka kwenye dirisha jeusi, mingi, sielewi hata mmoja, na mwishoni kukawa na faili. Niliitazama video ile kuanzia salamu mpaka kwaheri, kisha ya pili, kisha zote, bila kuruka. Nilifanya mazoezi yote pamoja na Mama Mazoezi pale sebuleni, nikisubiri aseme, "Haya, shusha taratibu," na aliposema nilishusha. Mabega yaliniuma mpaka Jumanne.

Kadi niliipeleka mwenyewe. Baba akavaa shati, akajibu salamu, akatazama. Akasogeza uso karibu na simu.

"Mama Mazoezi amenenepa."

Nikachungulia. Kumbe kwenye kioo kidogo cha simu yake picha ilikuwa imevutika pembeni, na yule mama, mwembamba wa kawaida, alikuwa amejaa kioo upande hadi upande. Nikataka kuitoa kadi nikairekebishe. Baba akaufunika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto.

"Iache. Maisha yamemkubali. Ninamwona anachofanya."

Ikabaki hivyo. Nyumbani kwetu mpaka leo Mama Mazoezi ni mnene, na mimi sijathubutu kuirudia ile amri nisije nikaharibu.

Sitasema mkono uliamka. Uliamka robo, labda, na kwa kisirani. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha kidole gumba kikaanza kusogea, mama akapiga kigelegele, baba akamkemea asiite mkosi. Vidole vingine vikafuata kidogo. Baba alijizoeza kushika gunzi la muhindi, halafu kitambaa kilichokunjwa, halafu akawageukia watu. Aliyekuja kumwona alipewa mkono wa kulia, uliotupwa mbele kwa kazi kubwa, na alitakiwa aseme kweli kama amesikia kubanwa au hakusikia. Wengi walidanganya kwa heshima. Aliwajua waliodanganya, akawarudia. Vidole vilianza kubana kweli. Bega ndilo lililogoma. Mkono aliweza kuunyanyua, lakini kuubakiza hewani bila kuuegemeza kwenye ule wa kushoto, hapo hakuwahi kufika mbali.

Siku ya harusi turubai lilijaa. Wakwe walikuja kutoka Kongowe kwa magari, wanaume wakaketishwa kwenye majamvi, wanawake na bi harusi ndani. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, kamati ilinipa kazi ya kurekodi. Nilikuwa na simu kwenye kisimamio chake cha miguu mitatu, ya akiba mfukoni, na chaja ya ziada. Nilikuwa nimeshamwambia mpiga picha wa kukodi, ambaye hakuniuliza, asimame wapi.

Shehe alisoma hotuba. Akamgeukia baba, akainama karibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sisi wa mbele tuliisikia, "Mzee, nikuwakilishe mimi. Utakuwa umeozesha wewe vilevile."

"Mkono ninao," baba akasema.

Bwana harusi akasogezwa mbele yake, magoti kwa magoti. Kijana alikuwa ameshaambiwa habari za mkono, na alikuwa anautazama kwa woga, hajui aufuate ulipo au ausubiri. Baba akaunyanyua. Ukapanda mpaka usawa wa kifua, ukayumba, ukarudi pajani. Akaunyanyua tena, ukarudi tena. Shehe akatazama chini. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha simu, nikihangaika kama mwanga unatosha, na niliona kwenye kile kioo baba ameinua uso ananitazama.

"Njoo hapa," akasema. "Acha hicho."

Nikaacha. Nikavuka majamvi, nikakanyaga kanzu ya mtu, nikapiga goti nyuma ya bega lake la kulia. Hakunieleza la kufanya. Nikapitisha kiganja changu chini ya kiwiko chake, ndani ya mkono mpana wa kanzu, nikakibeba. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotegemea, na cha moto. Mkono ukapanda, ukamfikia kijana, vidole vya baba vikafunga. Nilisikia kwenye kiwiko pale alipobana, msuli ulisimama kama kamba iliyovutwa. Kijana akashtuka, akambana na yeye, kidogo, kwa adabu.

Shehe akaanza kumtamkisha maneno. Baba hakuyarudia. Akageuza kichwa upande wangu, kofia yake ikanigusa paji la uso.

"Niachie," akasema.

Nikadhani sijasikia. Nikakishika kiwiko zaidi.

"Mwanangu, niachie."

Sikutaka. Niliona wakwe wote pale mbele, niliona mkono ukianguka na yeye akilazimika kukaa na hilo mpaka afe. Lakini alikuwa ameomba mara mbili, na baba yangu haombi. Nikaachia. Kiwiko kikazama, moyo wangu ukazama nacho, kikasimama. Kilitetemeka, kikabaki hapo. Baba akaanza kusema, nakuozesha binti yangu, polepole, kila neno kwa nafasi yake, wala hakuharakisha ili amalize kabla bega halijamchoka. Nilikuwa ninalia mbele ya watu na sikuwa na mkono wa kujifuta, maana kiganja changu kilikuwa bado chini ya kiwiko chake, wazi, hakigusi kitu, na sikukitoa mpaka kijana alipokubali na shehe akasema amina.